Ukichomwa na Nyigu, Tazama Mwili Wote

Kila mtu anayelima shamba amjua nyigu. Umeinama kuchuma kahawa, ama umekata jani la mgomba, na mara moja waona kama moto umeingia mkononi. Unapiga kelele, unakimbia, wenzako wanacheka. Jioni mkono umevimba, kesho unawasha, na baada ya siku chache umesahau. Ni hivyo kwa watu wengi.

Lakini si hivyo kwa watu wote. Tufikiri habari ya mama mmoja. Asubuhi amekwenda kuchimba mihogo pamoja na binti yake. Nyigu mmoja, mmoja tu, anamchoma shingoni. Mwaka uliopita alichomwa vilevile, akavimba kidogo, akapona. Basi hasumbuki. Anashika jembe tena. Lakini kabla ya kumaliza mstari mmoja, viganja vya mikono vinamwasha, na nyayo za miguu pia. Anaona joto usoni. Vipele vinatoka tumboni, mahali ambapo nyigu hakumgusa kabisa. Anasema, “Binti yangu, koo langu linabana.” Kisha anakaa chini, maana macho yake yaona giza.

Sasa binti afanye nini? Akienda kutafuta majani ya kusugua pale shingoni, mama aweza kufa upesi. Akimpeleka mbio penye sindano, mama aweza kulima tena juma lijalo. Kati ya kufa na kupona kuna dakika chache na maarifa kidogo. Maarifa hayo ndiyo tunayotaka kukupa hapa.

NYIGU NI MDUDU WA NAMNA GANI?

Watu wengi huchanganya nyigu na nyuki. Nyuki ana manyoya mwilini, hubeba unga wa maua miguuni, hukaa katika tundu la mti au mzingani, naye hutengeneza asali. Nyigu mwili wake wang'aa, na kiuno chake ni chembamba sana. Nyigu wa kwetu hana asali. Wale wakubwa, wengine huwaita mavu.

Nyigu wengi hujenga nyumba inayofanana na karatasi. Hukwangua mti mkavu kwa meno, hutafuna pamoja na mate, kisha hujenga vyumba vidogo vingi. Katika kila chumba mama hutaga yai moja. Utaona nyumba hizo chini ya paa, ndani ya choo, chini ya jani la mgomba, katikati ya miti ya kahawa, na juu ya michikichi. Nyumba nyingine ni ndogo, yenye nyigu wachache warefu wanaoning'iniza miguu wakiruka. Lakini katika msitu kuna nyigu wadogo wanaojenga nyumba kubwa kwenye matawi, na ndani yake wamo mamia. Ukitikisa tawi lao, hutoka pamoja.

Kuna tena nyigu wa udongo. Huyu hujenga nyumba ya matope ukutani, akajaza humo buibui kuwa chakula cha watoto wake. Yeye hukaa peke yake, wala hachomi mtu ovyo. Usimwogope.

Fahamu pia kwamba nyigu si adui tu. Wengi huwinda viwavi na nzi, wakawalisha watoto wao. Viwavi hao ndio wanaokula mboga zako. Kwa sababu hiyo, nyumba ya nyigu iliyo mbali na njia, mbali na watoto na mbali na mlango, iache.

KWA NINI ANACHOMA?

Nyigu hachomi kwa sababu ana chuki. Anawalinda watoto wake. Wa kike tu ndio wenye mwiba. Wa kiume hana. Ukisimama karibu na nyumba yao, ukapumua juu yake, ukatikisa tawi au ukarusha jiwe, wao waona kwamba mwizi amekuja. Tena nyigu akipondwa karibu na nyumba yao, mara nyingi hutoka harufu inayowaita wenzake. Ndiyo maana anayempiga nyigu mmoja kwa hasira aweza kujikuta ana kumi juu ya kichwa.

Mwiba wa nyuki una meno kama ndoana. Ukiingia katika ngozi hukatika na kubaki pamoja na mfuko wa sumu, na mfuko huo huendelea kusukuma sumu ndani. Nyuki mwenyewe hufa. Mwiba wa nyigu kwa kawaida haubaki. Yeye huchoma, akauvuta, akachoma tena.

SUMU YAKE HUFANYA NINI?

Shika vizuri jambo hili, maana ndilo kubwa katika mafundisho yetu. Sumu ya nyigu huleta hali za namna tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni ya kawaida. Mahali palipochomwa pauma, pawa pekundu, pavimba, pawasha. Uvimbe waweza kuongezeka siku ya kwanza na ya pili. Mtu aliyechomwa kidoleni aweza kuvimba hata kiwiko. Yatisha kwa macho, lakini mtu huyu anapumua vizuri, ana nguvu, anakula. Atapona.

Ya pili hutokea mtu akichomwa mara nyingi sana. Sumu ya nyigu mmoja ni kidogo, lakini ya nyigu mia ni nyingi. Sumu hiyo huharibu nyama ya mwili na damu, na takataka zake huziba mafigo. Mtu aweza kujiona mzima siku ile, kisha siku ya pili mkojo wake wawa mweusi kama kahawa, au wapungua kabisa. Mtoto ana mwili mdogo, kwa hiyo hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu mzima.

Ya tatu ni ile ya mama yetu wa shamba la mihogo. Hapa si wingi wa sumu unaoua. Ni mwili wenyewe unaoikataa sumu kwa nguvu kupita kiasi. Mwili ni kama mlinzi wa nyumba. Mara ya kwanza mgeni anapoingia, mlinzi anamtazama na kuushika uso wake. Mara ya pili, kwa watu wengine, mlinzi anaruka kwa hasira hata anabomoa nyumba anayoilinda. Mishipa ya damu inalegea, nguvu ya damu inashuka, koo na mapafu yanabana.

Jambo hili lilifundishwa kwa ulimwengu mwaka 1902 na waganga wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier. Walimpa mbwa sumu kidogo ya mnyama wa baharini, naye hakupata shida kubwa. Baada ya majuma machache wakampa tena kiasi kidogo, wakidhani kwamba sasa amezoea. Kumbe mbwa alianguka, akafa upesi. Sumu ya kwanza haikumkinga. Ilimtayarisha kwa hatari. Kwa kazi hiyo Richet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Basi usiseme, “Mimi nilichomwa mwaka jana, sikupata neno.” Mama yetu alisema hivyo pia.

ALAMA ZA HATARI

Mtu akichomwa, usitazame uvimbe tu. Tazama mwili wote, kwa muda wa saa moja. Mara nyingi hatari hii huanza katika dakika chache, hata kabla ya nusu saa kupita. Alama zake ni hizi:

1. Vipele au kuwashwa mahali ambapo nyigu hakuchoma.
2. Midomo, ulimi au macho kuvimba, ingawa alichomwa mguuni.
3. Sauti kukauka, koo kubana, shida ya kumeza mate.
4. Kifua kubana, kupumua kwa sauti kama mwenye pumu.
5. Kutapika, tumbo kukata, kuharisha kwa ghafula.
6. Kizunguzungu, jasho baridi, kuzimia.
7. Mtu mwenyewe anaogopa na kusema, “Ninakufa.” Usimcheke. Mara nyingi mwili wake unamwambia kweli.

Ukiona alama ya pumzi, ya koo au ya kuzimia, hata moja tu, usingoje ya pili. Na vipele vikienea mwilini, anza safari, maana alama nyingine zaweza kufuata njiani. Wengine huzimia pasipo kutoka kipele hata kimoja.

FANYA HIVI UPESI

Mlaze chini mgonjwa, uinue miguu yake juu ya mfuko au gogo. Usimsimamishe wala usimtembeze, maana damu yake imeshuka, na kusimama kwa ghafula kwaweza kumwua. Kama pumzi yamsumbua sana, mwache akae na kuegemea, miguu imenyoshwa. Kama anatapika au amezimia, mlaze kwa ubavu. Mama mwenye mimba alale kwa ubavu wa kushoto. Usimpe kitu cha kunywa ikiwa koo lake limebana.

Tuma mtu mwenye mbio aite pikipiki, au wanaume wa kubeba kipoyi. Kama kuna simu, wajulishe watu wa kituo cha afya mapema, ili wakute sindano tayari. Penye pikipiki, asikae peke yake nyuma, mtu amshike. Kwenye kipoyi alale, miguu juu.

Dawa inayookoa ni adrenalini. Hupigwa sindano katika nyama ya paja, upande wa nje. Dawa hiyo hukaza mishipa iliyolegea na kufungua mapafu. Kwa mwuguzi anayesoma hapa twakumbusha: adrenalini ya miligramu 1 katika mililita 1, mtu mzima hupewa nusu mililita, na kama hapati nafuu hurudiwa baada ya dakika 5. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Vidonge vya kuzuia kuwashwa vyaweza kusaidia ngozi, lakini havifungui koo wala haviinui damu. Usimwache mgonjwa akingoja kidonge kifanye kazi ya sindano.

Mgonjwa akipata nafuu, asirudi nyumbani mara moja. Alama hizo zaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Akae mbele ya macho ya wauguzi mpaka wamwambie, “Sasa nenda.”

KAMA HAKUNA ALAMA ZA HATARI

Ondoka kwanza mahali penye nyigu. Kama ni nyuki, ondoa mwiba mara moja, kwa kucha au kwa ncha ya kisu. Namna ya kuuondoa si kitu. Upesi ndio kitu, maana sumu karibu yote huingia katika nusu dakika ya kwanza. Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Vua pete na bangili kabla uvimbe haujazibana. Inua mkono au mguu uliovimba. Kwa maumivu, kidonge cha parasetamoli chatosha. Usikune, maana kucha huingiza uchafu.

Nenda hospitali, hata ukijisikia vizuri, kama umechomwa mara 50 au zaidi. Mtoto aliyechomwa mara nyingi apelekwe hata kama haikufika hesabu hiyo. Huko watatazama mkojo na damu, nao watawapa maji ya kuosha mafigo kama inafaa.

Nenda pia kama umechomwa ndani ya mdomo au kooni. Nyigu hupenda vitu vitamu. Huingia katika kikombe cha chai yenye sukari, katika chupa ya maji ya matunda, na hukaa juu ya muwa ulioumenywa. Mtoto anakunywa bila kutazama. Hapo uvimbe wa kawaida, usiokuwa na hatari mkononi, waweza kuziba njia ya pumzi.

USIFANYE HIVI

Usikate kwa wembe ili kutoa sumu. Sumu haitoki, lakini damu inatoka na uchafu unaingia. Usipake mavi ya ng'ombe wala udongo, maana humo hukaa wadudu wa pepopunda. Usimwage petroli wala dawa ya betri juu ya ngozi. Usifunge mkono kwa kamba. Usinyonye kwa mdomo.

Na neno moja tena, ndugu. Mtu mwenye nguvu akifa kwa nyigu mmoja, utasikia maneno haya kilioni: “Mdudu mdogo hawezi kumwua mtu mzima. Kuna mtu aliyemtuma.” Kisha macho yote hugeuka kwa bibi mzee anayekaa peke yake, au kwa jirani aliyegombana na marehemu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Sasa wewe wajua. Sumu ya nyigu mmoja yatosha kabisa kumwua mtu ambaye mwili wake waikataa, naye hufa mahali popote duniani, hata katika miji mikubwa ya Ulaya. Hakuna aliyemtuma nyigu. Usiruhusu mtu asiye na kosa afukuzwe kijijini. Simama useme unayoyajua.

JINSI YA KUJIKINGA

Kabla ya kufyeka kichaka, simama kidogo utazame. Ukiona nyigu wengi wakiingia na kutoka mahali pamoja, nyumba yao iko hapo. Gusa kichaka kwa mti mrefu kabla ya kuingiza panga. Waonye wenzako kwa kuweka alama. Anayepanda mchikichi atazame juu kwanza, azunguke mti mzima kwa macho. Wakimchoma akiwa juu, ataachilia mikono, na kuanguka kwaweza kuvunja mgongo ambao nyigu hawangeweza kuuvunja.

Nyigu mmoja akikuzunguka, usimpige kwa mikono. Simama, au rudi nyuma polepole. Lakini wakitoka wengi, usisimame: kimbia moja kwa moja, funika kichwa na uso kwa kitenge, ingia nyumbani na kufunga mlango. Usiruke mtoni, waweza kuzama, na nyuki wenye hasira waweza kukungoja juu ya maji. Mtoto mdogo mbebe ukimfunika. Na watoto wafundishwe tangu mapema: kurusha mawe katika nyumba ya nyigu si mchezo, maana anayerusha ana mbio, lakini mdogo wake aliye nyuma hana.

Kama nyigu wamejenga juu ya mlango, karibu na kisima au shuleni, waondolewe. Afanye mtu mzima anayejua kazi hiyo, na ambaye hajapata kuugua kwa nyigu. Afanye wakati wa giza na baridi, wakati wote wamo ndani, naye amejifunika mwili na uso. Nyumba ndogo yaweza kumwagiwa maji mengi yenye sabuni. Sabuni huwaloanisha, nao hushindwa kupumua. Moto usitumiwe chini ya paa la majani. Afadhali nyigu kumi kuliko nyumba kuungua. Nyumba kubwa ya msituni iache, ugeuze njia yako.

Na wewe uliyewahi kutoka vipele mwili wote au kuzimia baada ya kuchomwa, sikia. Hatari hiyo yaweza kurudi, hata kwa ukali zaidi. Usiende shambani peke yako. Waambie watu wa nyumbani alama zako. Mwambie mwuguzi, aandike katika karatasi yako ya hospitali. Pateni shauri tangu leo: nani atakubeba, kwa njia gani, na ni kituo gani kilicho karibu chenye adrenalini. Swali hilo liulize kituoni kabla ya siku ya shida.

Tumrudie yule mama. Binti yake alikuwa amesikia mafundisho haya. Hakutafuta majani. Alimlaza mama katikati ya mihogo, akaweka miguu yake juu ya kikapu, akapiga kelele mpaka vijana wa shamba la pili wakaja. Na wewe, ukiitwa kesho kwa kelele kama zile, utajua la kufanya?

MAULIZO YA KUKUMBUSHA

1. Mwiba wa nyuki na wa nyigu watofautiana namna gani?
2. Mtu amechomwa mguuni, na midomo yake yavimba. Maana yake nini?
3. Kwa nini tusimsimamishe mtu aliyezimia kwa sumu ya nyigu?
4. Ni dawa gani inayookoa, nayo hupigwa wapi?
5. Katika kijiji chenu, kituo gani chenye dawa hiyo kiko karibu, na ni nani atakayembeba mgonjwa?